Kamba ya Mafundo Manne

Jumamosi, tarehe kumi na sita mwezi wa tatu mwaka 2019, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Asubuhi hiyo Bertrand, fundi wa Kirundi, alitoka chumbani kwake Berea, Johannesburg, na mfuko wa spana begani. Alimwambia mkewe kwamba anakwenda Turffontein kufunga ekseli moja ya karavani, kijumba cha kuvutwa na gari, na kwamba atarudi kabla ya mazoezi ya kwaya. Mchana umeme ukakatwa upande wote wa kusini. Roboti, zile taa za kuongozea magari, zikafa, magari yakabanana kwenye makutano, kila dereva akijiona ndiye mwenye haki. Wakubwa wa umeme walikuja redioni na sababu zao, maana sababu hawajawahi kukosa. Jioni kwaya iliimba bila sauti nene ya Bertrand. Usiku hakurudi.

Jumanne asubuhi, baada ya kuitwa na mke wa Bertrand, Hénock alipanda ngazi za jengo lile. Lifti ilikuwa imekufa tangu zamani na mwenye jengo hakuwahi kuonekana na mpangaji yeyote. Aligonga mlango. Ndani redio ilizimwa ghafla. Hakuna aliyejibu.

"Mama Inès," alisema kwa sauti ya chini, mdomo karibu na tundu la kitasa. "Ni mimi, Hénock. Wa kanisani."

Kitu kizito kilikokotwa sakafuni. Mlango ukafunguka upana wa uso. Gaudence, mke wa Bertrand, alimtazama, kisha akatazama korido nyuma yake, ndipo akamwingiza na kurudisha sanduku la nguo nyuma ya mlango.

"Unisamehe, Papa. Hapa hatufungui kwa kila mkono. Bertrand ana namna yake ya kugonga. Tatu, ananyamaza, mbili." Aligonga meza kumwonyesha. "Ukigonga vingine, hata mtoto anajua kukaa kimya."

Inès, binti yao, alikuwa ameketi kitandani na sare ya shule. Hakuwa ameenda shule.

Hénock alikuwa Mkongo wa Uvira. Alikuwa amelinda maduka ya magari ya watu kwa miaka mingi, mpaka kampuni ikampunguza. Hakuwa polisi. Lakini mtu akipotea kati ya wageni wa mji huu, ndugu zake walikuwa wakija kwake, kwa sababu serikali ina watu wengi wa kuhesabu wageni na haina hata mmoja wa kuwatafuta.

"Polisi umekwenda?"

"Nimekwenda. Waliniuliza karatasi zangu kabla ya kuniuliza jina lake. Karatasi imekwisha muda, Papa. Nikasema nimesahau nyumbani, nikatoka."

"Na huko Turffontein?"

"Président Thierry alinipigia simu mwenyewe, Jumapili. Anasema Bertrand alimaliza kazi, akachukua hela yake, akasema anakwenda Cape Town kutafuta maisha. Anasema nisilie, wanaume ndivyo walivyo."

Thierry alikuwa mwenyekiti wa umoja wao wa wakimbizi, na yadi ya Turffontein ilikuwa yake. Barua yenye mhuri wake ndiyo iliyompatia Inès nafasi ya shule, na ndiyo iliyowapatia wengine chumba na kazi. Kugombana naye ni kufunga mlango wako kwa mkono wako.

"Na wewe unaamini?"

Gaudence alinyoosha kidole nyuma ya mlango. Kwenye msumari ilining'inia kamba nyeupe ya katani, imekunjwa vizuri.

"Bertrand hapimi kwa futi ya chuma. Anasema futi inadanganya ikipinda. Anapima kwa kamba. Mafundo mawili ya nje ni toka uso wa habu moja mpaka uso wa habu nyingine, pale tairi linapokaa. Mafundo mawili ya ndani ni upana wa fremu, pale ekseli inapofungwa. Akishapata ekseli analeta kamba nyumbani, anaitundika. Kazi ikiisha anaikata vipande na kuichoma kwenye jiko. Baba yake alifanya hivyo na mbao huko kwetu Ngozi, Burundi. Kipimo ukikiacha kizima, kazi inakurudia mbovu. Hata awe na homa, anaichoma. Mtu wa kukimbilia Cape Town angepita hapa kwanza, Papa. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya kamba."

Hénock aliitoa kamba msumarini akaiweka ndani ya koti.

"Usimpigie Thierry," alisema. "Akipiga yeye, lia. Mwambie unaamini."

*

Yadi ya vyuma chakavu ya Zabibu, ambako Bertrand alinunua vipuri, ilikuwa Booysens, nyuma ya reli. Zabibu alikuwa mama wa Tanga, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliketi juu ya kiti cha basi kilichong'olewa akinywa chai.

"Bertrand wa Kirundi? Namjua, baba. Yule anayekuja na kamba kama anakuja kununua mbuzi."

"Alikuja lini kununua ekseli?"

"Wiki iliyopita. Alinisumbua huyo. Karavani za zamani hizo, zile za makaburu za likizo, ekseli zake hazitengenezwi tena. Ni za mpira. Njoo uone."

Alimpeleka kwenye rundo. Akagonga kwa kijiti bomba moja la pembe nne.

"Ndani humu mna mpira umeshindiliwa. Mkono huu wa tairi ukipanda, unausonga mpira, mpira unausukuma urudi. Hakuna springi. Mpira ukizeeka unakufa, karavani inalalia tairi. Kutengeneza haiwezekani, unatafuta nyingine. Sasa kuipata yenye urefu uleule na upana uleule, hapo ndipo mtu anapozunguka Johannesburg nzima mpaka kiatu kinacheka."

"Na aliipata?"

"Kwangu atakosa nini?" Zabibu alicheka, kisha akaacha. "Lakini alitaka kitu cha ajabu. Urefu wa kamba yake ulikuwa wa karavani ndogo, ya watu wawili. Mimi nikampa ekseli yake, ya bolti nne za tairi. Akakataa. Anasema bosi anataka ya kubeba zaidi. Nikampa ya bolti tano, ile ya kubebea farasi wa hapo kwenye uwanja wa mbio. Tani moja na nusu inabeba. Tukabahatika, urefu ukaingia kwenye kamba. Nikamwambia, baba we, kijumba cha kulala bibi na bwana mnataka kukijaza simenti?"

"Akasemaje?"

"Ndiyo hiyo sasa. Bertrand ni mtu wa utani. Hakucheka. Akasema, 'Mama Zabibu, vitu vya ndani wamevitoa vyote. Kitanda, jiko, kabati. Imebaki ganda. Sasa kwa nini wanataka ekseli nzito?' Nikamwambia muulize mwenye karavani. Akasema atamuuliza Jumamosi."

Upepo ulisogeza bati mahali fulani ndani ya yadi. Wote wawili waligeuka kutazama. Palikuwa na paka tu.

"Nikiiona ekseli hiyo nitaijuaje?" Hénock aliuliza.

"Rangi ya bluu kwenye mkono wa kushoto. Vyangu vyote napaka, maana mafundi wananunua kwangu kizima halafu wananirudishia maiti ya duka jingine. Na itakuwa imefungwa kwa bolti. Ekseli ya mpira haichomelewi. Ukipiga moto juu yake mpira unaiva mle ndani kama ugali, unakufa siku hiyohiyo. Bertrand hawezi kuichomelea hata umwekee bunduki." Alimtazama juu ya miwani. "Mbona unauliza kama watu wa msiba?"

Hénock alimpa mkono kumshukuru. Alipokuwa anatoka, Zabibu alimwita.

"Baba. Ukienda huko kwa mwenye karavani, usinitaje. Mimi kibali changu cha biashara ni barua ya Thierry."

"Nani amekutajia Thierry?"

Zabibu aliinua kikombe chake. Chai ilikuwa imekwisha, lakini alikunywa.

*

Yadi ya Turffontein ilikuwa na ukuta mrefu na geti la bati. Mlinzi alikuwa Firmin, kijana wa Bukavu, sare imemzidi mabega. Alimfahamu Hénock kanisani, lakini alimsalimia kama mgeni, akaandika jina lake polepole.

Ndani palikuwa na karavani moja, nyeupe, imeoshwa. Mbele yake Thierry alisimama na viatu vya ngozi ya njano na shati lililopigwa pasi mpaka mikono. Nyuma yake bakkie nyeupe, gari dogo la mizigo, ilikuwa imeegeshwa, na wanaume wawili waliketi kwenye ukingo wake. Hawakuwa wanaongea. Hawakuwa wanafanya kitu chochote.

"Vieux Hénock, mzee wetu," Thierry alisema na kumshika mkono kwa mikono miwili. "Nilijua atakutuma. Wanawake, bon, nitawasema nini. Bertrand yuko barabarani, anakula maisha."

"Nataka tu kumtuliza mama, Président. Nikimwambia nimeiona kazi kwa macho yangu, atalala."

"Voilà kazi yenyewe. Alimaliza Jumamosi mchana. Nikamlipa hapa, nilipo."

Hénock aliizunguka karavani taratibu. Aliinama, akaona mstari wa kuchomelea, mpya, ukimetameta pale ekseli ilipogusana na fremu.

"Jumamosi mchana," alisema. "Lakini umeme haukuwepo, Président. Kusini kote kulikuwa giza. Alichomelea kwa moto gani?"

Jambo hilo la umeme alikuwa amelitunza njia nzima toka Booysens. Thierry alitabasamu. Alimwashiria mmoja wa wale wanaume, na yule akafunua turubai pembeni. Jenereta kubwa, mpya, bado lebo iko juu yake.

"Tukimsubiri mkubwa wa umeme tutakufa njaa, Vieux. Washa asikie."

Mtu yule aliwasha. Mngurumo ulijaza yadi, ukapiga ukuta na kurudi. Thierry alikaribia mpaka mdomo wake ukawa sikioni mwa Hénock.

"Kuna swali jingine?"

"Hakuna. Naomba tu niangalie chini. Nilikuwa mlinzi wa magari, napenda kazi nzuri."

"Angalia, angalia."

Hénock alilala chali, akajisukuma chini ya karavani. Mngurumo ule sasa ukawa rafiki yake, maana hakuna aliyeweza kusikia pumzi yake. Alitazama mkono wa kushoto. Hapakuwa na bluu. Alihesabu bolti za habu: nne. Mdomoni mwa bomba tone jeusi lilikuwa limechuruzika na kuganda. Mpira ulioiva. Alivuta kamba kutoka ndani ya koti, akaweka fundo moja la ndani kwenye fremu na kulivuta la pili upande wa pili. Fundo lilipita fremu kwa shibiri nzima.

Kwa hiyo Bertrand hakuipima karavani hii. Hakuifunga ekseli hii. Mtu mwingine alikuwa ameichomelea haraka, mtu asiyejua, ili wiki hii atakapokuja mjinga wa kuuliza awe na kitu cha kuonyeshwa.

Jenereta ilizimwa. Kimya kiliingia kwa nguvu kuliko mngurumo.

Karibu na kichwa chake alikuwa anaona viatu vya njano.

"Unatafuta nini muda wote huo, Vieux?"

Hénock alisokota kamba kiganjani. "Mgongo, Président. Umekamatika. Uzee."

Mkono ulishuka, ukamshika kwapani, ukamvuta nje. Thierry alimpangusa vumbi begani, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto kabla ya picha.

"Kazi nzuri?"

"Kazi nzuri sana. Nitamwambia mama."

"Mwambie pia nafasi ya mtoto shuleni iko palepale. Mimi simwachi mtu wangu. Lakini mtoto ambaye haendi shule, nafasi anapewa mwingine. Leo hakwenda, sivyo?"

 Hakuna aliyemwambia Thierry kwamba Inès hakwenda shule. Labda mwalimu. Labda mtu aliyekuwa kwenye korido ya Berea asubuhi.

"Kesho atakwenda," alisema.

Alitembea kuelekea getini bila kuharakisha. Njiani kulikuwa na kipande cha majani ya manjano, mstatili, majani yaliyokosa jua muda mrefu. Karavani nyingine ilikuwa imesimama pale, ndogo kuliko ile nyeupe kwa urefu, lakini pana zaidi. Ukutani nyuma yake vilirundikwa vitu: mbao za kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, kabati lenye pazia la maua, godoro lililopasuliwa. Kando, mabaki ya bati lililokatwa kwa mkasi. Vipande vya bati vilikuwa vimekatwa miraba, ukubwa wa dirisha, na vile vilivyobaki ni makombo yake.

Na mbele ya mbao, ekseli kuukuu yenye kutu, mikono yake imelegea juu kwa mpira uliokufa. Ilikuwa haina tairi.

Hénock aliketi juu yake na kuinamia kiatu. Mgongo wake ulikuwa upande wa Thierry. Alifungua kamba ya kiatu, na huku akiifunga upya aliilaza kamba ya Bertrand chuma kwa chuma, fundo la nje kwenye uso wa habu ya kushoto. La kulia likakaa juu ya uso wa habu ya kulia. Mafundo ya ndani yakatua juu ya matundu ya bolti, kila fundo na tundu lake.

Hapa ndipo karavani ya Bertrand ilipokuwa. Bertrand aliing'oa hii na kuifunga ile yenye bluu. Kazi aliimaliza. Karavani iliondoka, na Bertrand hakurudi nyumbani kuchoma kamba.

"Vieux," Thierry aliita kwa mbali. "Hicho kiatu kina matatizo?"

"Kimezeeka kama mwenyewe."

Wale wanaume wawili walicheka. Ilikuwa mara yao ya kwanza kutoa sauti. Kisha mmoja wao alishuka kwenye bakkie na kufungua mlango wa dereva.

*

Firmin alisukuma geti. Lilikwama kama kawaida ya mageti ya watu wenye hela za viatu tu. Alitoka nje kulivuta, na bati likawa kati yake na yadi. Aliongea akitazama barabara, midomo haifunguki sana.

"Papa, usisimame. Jifanye unatafuta simu."

Hénock alitia mkono mfukoni.

"Ile ndogo iliondoka Jumamosi," Firmin alisema. "Umeme ukiwa hakuna. Roboti zimekufa, kamera za barabarani zimekufa, polisi wote wako makutano wanapuliza filimbi. Walingoja saa hiyo."

"Bertrand?"

"Sikumwona kutoka. Niliagizwa kununua mikate kwenye duka la spaza, mingi, na maji. Niliporudi karavani imeshafungwa nyuma ya lori. Madirisha yamepigwa bati kwa ndani. Kufuli liko nje."

"Bertrand aliingia hapa asubuhi. Uliandika jina lake?"

"Niliandika. Ukurasa haupo." Firmin alivuta geti, likalia. "Papa, ilikuwa imekaa chini. Ekseli mpya kabisa, niliona bluu yake, na bado tairi zinakaribia kugusa bodi. Nikamuuliza président kuna nini humo. Akasema viti vya kanisa."

"Ukaamini?"

"Ilipopita hapa getini ilikuwa inagonga. Nikafikiri ni bearing, zile gololi za tairi. Nikamwambia dereva, kaka, simama, bearing yako inakufa. Akaniangalia tu, akaongeza redio. Sasa silali, kwa sababu bearing inagonga tairi ikizunguka. Lori lilisimama kuipisha taksi, tairi hazizunguki, na bado inagonga. Ilikuwa hivi."

Akainua ngumi na kugonga bati la geti, kidogo, kwa vifundo vya vidole. Tatu. Akanyamaza. Mbili.

Hénock aliacha kutafuta simu.

"Rudia."

"Papa, watasikia."

"Nani alikufundisha kugonga hivyo?"

"Hakuna. Ndivyo ilivyokuwa. Nimekosea?"

Upande wa pili wa bati injini ya bakkie iliwaka. Firmin akaanza kusukuma geti haraka, akitazama viatu vyake.

"Ilikuwa mkono mmoja?" Hénock aliuliza.

"Mwanzo mmoja. Lori lilipoanza kwenda, wengi. Walikuwa wanamfuatisha yeye. Bati zima lilikuwa linagonga, mbele na nyuma. Wengine walikuwa wanagonga chini, karibu na sakafu. Kidogokidogo. Kama watoto."

Geti likafunga.

Hénock alivuka barabara, akaingia kati ya watu waliokuwa wanangoja taksi za kwenda mjini, akasimama nyuma ya mwanamke mwenye mzigo mkubwa kichwani. Kamba ilikuwa imelowa jasho kiganjani mwake. Bakkie nyeupe ilitoka, ikasimama ukingoni, na dereva akawa anatazama uso mmoja mmoja kwenye mstari.

Bertrand alikuwa mwembamba. Kwenye kwaya walimwita fimbo. Yeye peke yake asingeweza kuilaza ekseli ya farasi mpaka tairi zikaribie kugusa bodi. Na tangu Jumamosi, katika mji mzima, kati ya watu wote wanaokuja kwa Hénock na picha za ndugu zao, ni mlango mmoja tu, wa Gaudence, uliomwita.

Basi hao wengine walikuwa akina nani, na kwa nini hakuna anayewatafuta?